Nani kala zile laki moja na ishirini?

Najua nimepotea, na wengine mmeanza kumuuliza Mama kama nimeolewa kimyakimya huku Leeds. Hapana, bado nipo nipo. Nilikuwa na zamu za usiku mfululizo, na zile siku za mapumziko nazo zote zimeishia kwenye duka la mdogo wangu. Wengi mnalijua, lile duka la mtandaoni la mikeka na vikapu vya ukindu. Leo nataka niwaeleze habari ya pesa iliyopotea Desemba 2024, maana nasikia stori imeshatoka Tanga ikafika mpaka Pangani, na kila ilipopita imeongezwa chumvi. Afadhali muisikie kwangu, mimi mtuhumiwa.

Ilianza hivi. Oktoba ile nilimtengenezea mdogo wangu tovuti. Mimi si mtu wa kompyuta, nilisomea uuguzi, lakini siku hizi mtu yeyote mwenye subira anaweza kufungua duka kwa WordPress na WooCommerce, na subira ninayo, nimeshakesha na wagonjwa wengi. Bei zote tukaziweka kwa shilingi. Kikapu kikubwa chenye mfuniko, 70,000. Nikawaonyesha wenzangu wodini. Wakasifia, wakakuza picha, wakasema rangi nzuri. Halafu kila mmoja akauliza swali lile lile: hiyo ni pauni ngapi?

Nikaona hili dogo. Wiki hiyo nilikuwa nimemtumia Mama pesa, na pauni moja ilikuwa imetoa karibu 3,500. Nikachukua kikokotoo, 70,000 gawanya kwa 3,500, ikaja 20 kamili. Nikaingia bidhaa moja baada ya nyingine, na kwa mkono wangu nikaandika pembeni "pauni 20", "pauni 12", "pauni 35". Nilimaliza saa tisa usiku. Nilijisifu kweli! Sisi kila siku tunapiga hesabu ya dawa kwa kilo za mgonjwa, itanishinda kugawanya bei ya kikapu?

Basi wenzangu kumi na wawili wakaagiza, wanataka zawadi za Krismasi. Wakati ule duka lilikuwa halijaanza kupokea kadi, kwa hiyo tulikubaliana mzigo ukifika ndio wanipe hela na mimi niitume nyumbani. Gharama za kusafirisha walilipa mbali. Mzigo ukafika katikati ya Desemba. Kila mtu akanipa pauni 20 kama ilivyoandikwa, jumla 240, na siku hiyo hiyo nikazituma zote. Sikugusa hata senti.

Mdogo wangu alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake: vikapu 12 mara 70,000, sawa na 840,000. Iliyoingia kwenye simu yake ilikuwa 720,000.

Akaniandikia kwa adabu zake zote: "Dada, shikamoo. Pesa imefika, ahsante sana. Ila imepungua laki moja na ishirini. Umekata ya mzigo?" Nikamjibu kwamba sijakata kitu. Akanyamaza. Siku mbili kimya, na nyie mnamjua, yule hawezi kunyamaza hata saa mbili. Siku ya tatu Mama akapiga simu. Hakugomba. Angegomba ningejua pa kuanzia. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya chini, "Mwanangu, kama una shida huko, sema. Usione haya."

Jamani, niliumia. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali na sare yangu, mapumziko ya nusu saa yakaisha sijala. Mama yangu mzazi anadhani nimekula pesa ya kina mama wanaosuka ukindu, na ananisamehe kabla sijaulizwa.

Sasa ile pesa ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Haikuwahi kuwepo. Mwanzoni mwa Oktoba 2024 dola moja ilikuwa inauzwa zaidi ya shilingi 2,700. Halafu shilingi yetu ikaanza kupata nguvu, watalii wameingia, dhahabu na mazao kama korosho yanaleta dola, na mwezi Desemba dola ilikuwa imeshuka mpaka karibu 2,400. Pauni nayo ikashuka pamoja nayo. Ile pauni iliyonipa 3,500 Oktoba, Desemba ilinipa 3,000. Pauni 240 mara 3,000 ni 720,000, hesabu inafunga. Mlioko nyumbani mliifurahia shilingi ile, na mlikuwa na haki. Lakini kwenye duka letu ile "pauni 20" ilikuwa imekaa pale pale kama niliyoigonga na msumari. Kikapu cha 70,000 tulikuwa tunakiuza 60,000 bila kujua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, tena mawili, moja Tanga na moja Leeds, ila hayakuwa yanasoma tarehe moja.

Laki moja na ishirini nililipa mimi, pauni 40, ili wale kina mama wapate chao kabla ya sikukuu. Lakini kulipa hakukuondoa neno. Mtu akilipa haraka haraka, wengine husema ndio dalili ya hatia! Nikaapa kwamba duka hili litabadilisha fedha lenyewe, kwa njia ambayo mdogo wangu, Mama na mteja wataiona namba na kujua imetoka wapi. Hapo ndipo nikagundua kwamba kazi niliyoidhania ya nusu saa ni ya wiki tatu. Nawaelezea, kwa sababu wapo miongoni mwenu wanaouza vitu kwa watu wa nje, na sitaki yawakute.

Kwanza, lazima kuwe na pesa moja ya nyumbani, hizo nyingine zote ni kivuli chake. Kwetu ni shilingi. Ukindu unanunuliwa kwa shilingi, rangi kwa shilingi, msukaji analipwa kwa shilingi. Tena tangu Machi 2025 Tanzania ina kanuni zinazokataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mteja aliyeko Dar ni lazima aone shilingi tu. Pauni haiandikwi tena kwa mkono popote, inazaliwa kutoka kwenye ile shilingi kila siku.

Pili, inazaliwa kwa kiwango cha nani? WooCommerce yenyewe ina sarafu moja tu ya duka, ukitaka zaidi unaongeza plagini, yaani kijiprogramu cha kupachika. Nikapachika ya kwanza, ya bure, imeandikwa kwamba inachukua viwango vya Benki Kuu ya Ulaya. Nikalala kwa amani. Asubuhi naangalia duka, kikapu kinauzwa pauni 70,000! Sikutanii. Kumbe Benki Kuu ya Ulaya hutoa viwango kila siku ya kazi, mnamo saa kumi jioni kwa saa za kwao, lakini kwa sarafu kama thelathini hivi tu. Randi ya Afrika Kusini imo, shilingi yetu haimo. Plagini ilipokosa kiwango ikafanya moja kwa moja, shilingi moja pauni moja. Nilicheka peke yangu jikoni. Ikabidi nitafute nyingine yenye shilingi ya Tanzania, na kila Jumatatu nailinganisha na viwango vinavyotangazwa na Benki Kuu yetu, BoT.

Na hapo kuna jambo ambalo wengi wetu hatulitazami. Ukienda duka la kubadilishia fedha pale mjini, ubao una safu mbili, kununua na kuuza. Ile namba unayoiona ukitafuta kwenye intaneti iko katikati ya hizo mbili, na mtu wa kawaida haipati. Ndiyo maana mnaniambia "mbona Google inasema hivi na wewe umetuma vile?" Mimi sipewi bei ya Google, na mteja wetu hapewi pia. Kwa hiyo juu ya kiwango nimeongeza asilimia 4 kama mto wa kukalia. Tuseme pauni ni 3,300. Kikapu cha 70,000 kinatoka pauni 21.21, ukiongeza ule mto ni 22.06, duka linakisukuma juu mpaka nusu pauni inayofuata, linaonyesha 22.50. Bei inayoishia na senti sita inamfanya mteja ahisi kuna mtu anamfanyia hesabu za hila.

Tatu, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi: kuonyesha si kutoza. Sasa duka linapokea kadi kupitia kampuni ya malipo ya hapo nyumbani, na kampuni hiyo inatoza kwa shilingi. Pauni anayoiona mteja ni makadirio ya kumsaidia, ila kadi yake inakatwa shilingi 70,000, na benki yake huku ndiyo inayobadilisha, na benki nyingi za huku huongeza karibu asilimia 3 kwa kutumia kadi kwenye fedha ya kigeni. Ndiyo sababu ya ule mto. Afadhali mteja aone pauni 22.50 halafu akatwe 21.85, kuliko aone 21 akatwe karibu 22. Wa kwanza atakushukuru, wa pili atakuita mwizi, ingawa kikapu ni kile kile. Chini ya kila bei ya kigeni tumeandika maneno mepesi: utatozwa kwa shilingi za Tanzania, kiasi cha pauni kitategemea benki yako. Na mteja akirudisha kikapu, anarudishiwa shilingi zile zile alizolipa, tumelisema kabla hajanunua.

Nikiwa hapo hapo, niwape dokezo mnaokuja kututembelea. Mashine ya kadi ya huku ikikuuliza ulipe kwa pauni au kwa shilingi, chagua pauni, pesa ya mahali ulipo. Ukichagua shilingi utaona raha kwa sababu unaielewa namba, lakini mara nyingi hapo unabadilishiwa kwa kiwango kibaya, na ile raha umeilipia.

Nne, Shangazi wa Muscat. Tulipomaliza pauni tukaongeza rial ya Oman, kwa ajili ya ndugu zetu kule. Rial ni sarafu tulivu, tangu 1986 dola moja ni rial 0.3845, haitingishiki, kwa hiyo nikadhani hapa hakuna tabu. Shangazi akapiga simu. "We mtoto, hiki kikapu mmeandika 10.80. Ni rial kumi na baisa themanini, au kumi na mia nane?" Nikashikwa. Rial moja ina baisa 1,000, si 100, kwa hiyo bei zake huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta: 10.800. Duka langu lilikuwa limewekewa tarakimu mbili kwa kila sarafu. Tofauti ya baisa 720 ni karibu shilingi elfu tano, na Shangazi hawezi kupoteza elfu tano kwa nukta.

Hili lilinigusa kama nesi. Kazini tunafundishwa kutoandika sifuri isiyo na kazi baada ya nukta. Dawa ya miligramu 3 usiandike 3.0, kwa sababu nukta ikififia mtu atasoma 30. Maikrogramu tunaiandika kwa kirefu, hatufupishi, isije ikasomwa miligramu ambayo ni mara elfu moja. Kumbe Oman sifuri zile zile ndizo zinazomlinda msomaji. Sheria mbili zinazopingana, sababu moja: namba peke yake haisemi kitu mpaka msomaji ajue kipimo chake.

Tano, kosa la mwisho lilinizungusha siku nne. Shangazi huyo huyo akasema sasa anaona pauni, rial imepotea. Mimi nikifungua naiona sawa. Kumbe tovuti, ili ifunguke haraka, hutunza nakala ya ukurasa. Mtu wa Leeds akifungua kwanza, nakala yenye pauni inawekwa, na mtu wa Muscat akija anapewa nakala ile ile ya mwenzake. Nilipopata jibu nilikumbuka faili la mgonjwa kuwekwa kwenye kitanda kisicho chake. Dawa yake ilikuwa kuweka kitufe cha kuchagua sarafu mwenyewe, na kuiambia tovuti itunze nakala mbalimbali kwa kila sarafu. Nakala zenyewe zinafutwa kila siku kiwango kinapobadilika.

Sasa kila oda inapoingia, mimi na mdogo wangu tunapata ujumbe mmoja wenye mistari minne: bei kwa shilingi, bei aliyoiona mteja, kiwango kilichotumika, na tarehe. Hiyo tarehe ndiyo iliyokuwa imekosekana kwenye daftari zetu. Nilimpigia mdogo wangu, nikafungua ile hesabu ya Desemba mstari kwa mstari, 3,500 huku na 3,000 kule. Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, kwa hiyo hukula." Nikamwambia sikula. Akasema, "Na mimi sikukuuliza vizuri." Basi, yakaisha. Sisi hatujui kuombana radhi kwa maneno mengi, kesho yake alinitumia picha ya kikapu kipya, hajaweka bei, kaandika "hiki chako".

Lakini sijamaliza, maana kuna duka jingine ambalo plagini haipo, nalo ni mimi mwenyewe.

Mjomba mmoja, simtaji, alisoma mahali kwamba nesi wa Band 5 huku Uingereza kwa mwaka 2025/26 anaanza na pauni 31,049 kwa mwaka. Ni kweli. Akazidisha kwa 3,300 akapata zaidi ya milioni 102. Hesabu yake nayo ni sahihi kabisa. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa milioni 102, na kila harusi, kila paa linalovuja, kila ada, namba hiyo inatangulia kabla yangu. Mjomba wangu, shikamoo. Umebadilisha upande mmoja tu. Nakuomba uzidishe na huu mwingine. Kodi ya chumba changu na jiko ni pauni 850 kwa mwezi, kwa kiwango chako ni milioni 2 na laki 8. Kodi ya serikali, bima ya taifa na pensheni vinakatwa kabla sijauona huo mshahara. Umeme wa kupasha nyumba joto Januari, nao uzidishe. Nauli ya basi kwenda kazini, nayo. Ukimaliza, mimi bado ni mtu mwenye nafuu, sikatai, na namshukuru Mungu. Ila si mtu wa milioni 102.

Na mimi pia nina kosa hilo hilo kwa upande wangu. Mtu akiniomba laki moja, naigawa haraka, naona ni pauni thelathini, nasema kumbe kidogo, natuma. Kisha nashangaa mbona hashukuru sana, au mbona anashukuru mno. Sijui laki hiyo imebeba nini huko, ni wiki ngapi za sokoni, ni ada ya nani. Nagawa namba, nasahau kipimo. Mdogo wangu aliposema imepungua laki na ishirini, mimi kichwani nilisikia "pauni arobaini", nikaona makelele ya bure. Yeye alikuwa anahesabu kina mama wawili ambao hawatapata ujira wao kabla ya sikukuu. Hapo ndipo tulipopishana, kabla hata ya kufika kwenye kiwango.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mkiniomba kitu, niambieni kwa shilingi na mniambie ni cha nini. Mimi nikiwajibu, nitawaambia kwa pauni na kitakachonibaki. Tusibadilishiane fedha kimoyomoyo.

Haya, saa moja kasoro usiku hapa, basi langu linakaribia na bado sijapiga pasi sare. Mama, zile dawa za presha usiziruke hata kama unajisikia vizuri. Shangazi, kikapu chako kimeshatoka Tanga, ni rial kumi na baisa mia nane, na risiti imeandikwa hivyo hivyo.